Kurudisha Ardhi Iliyochimbwa au Kuchafuliwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yenyewe ni yaleyale kila wiki, mwenye kwari (machimbo ya mawe) anauliza, mwenye kiwanja anauliza, mama anayeishi nyuma ya ukuta wa kiwanda anauliza, kwa hiyo tumeyaweka pamoja. Pale jibu limeshatolewa utatumwa kwa namba ya swali.

## Tuanzie chini

1. Kurudisha ardhi si ni kupanda miti tu?

Miti inakuja mwishoni, na kuna mahali haifai kuja kabisa. Kazi yenyewe ni kuhakikisha ardhi haimdhuru mtu wala mnyama, haiporomoki, maji yanapita bila kubeba uchafu, halafu ndo unaifanyia kile unachotaka kuifanyia. Na hapo kwenye "unachotaka kuifanyia" ndipo watu wanaruka. Wananunua miche mia tano kabla hawajaamua kama pale patakuwa shamba, malisho, godauni au uwanja wa mpira. Ardhi ya kuweka godauni lenye sakafu ya zege haidai usafi ule ule wa ardhi ya kulima mchicha, na ukichanganya hayo mawili utalipa pesa nyingi bure, ama utalisha watu sumu.

2. Shimo la kuchimba mawe na uwanja wa kiwanda cha betri, si yote ni ardhi iliyoharibika?

Yameharibika yote ila si ugonjwa mmoja. Kwenye shimo la mawe udongo umeondoka, umebaki mwamba mtupu, lakini mara nyingi sumu hakuna. Kwenye uwanja wa betri udongo upo, na pengine nyasi zimeota vizuri tu, ila umejaa madini ya risasi. La kwanza linataka uhai urudishwe. La pili linataka watu watenganishwe na sumu, basi, uhai utafuata baadaye. Ukipanda miti kwenye la pili ukasema umemaliza, watoto wataendelea kuchezea vumbi lile lile chini ya kivuli kizuri.

Migodi ya dhahabu mara nyingi ina yote mawili pamoja, ndo maana inasumbua zaidi. Ukishika hili swali la 2, mengine yote hapo chini yatakuwa rahisi.

3. Ikiachwa tu, si itajirudia yenyewe?

Inategemea imeharibiwa na nini. Mafuta ya magari na dizeli, ndiyo, bakteria wanayala polepole (swali la 14). Sainaidi, ile kemikali ya kuchenjulia dhahabu, nayo huvunjika juani. Lakini madini kama risasi, zebaki na arseniki hayaozi, hayana pa kwenda, yatahamishwa tu na upepo na maji. Kabwe kule Zambia mgodi wa risasi na zinki ulifungwa 1994 na mpaka leo vumbi lake linaingia kwenye damu ya watoto ambao hata wazazi wao walikuwa wadogo mgodi ulipofungwa.

Mwamba mtupu nao utaota kitu siku moja, magugu kwenye nyufa, kisha vichaka. Kama una haraka ya kizazi kimoja, usingoje.

4. Inachukua miaka mingapi?

Kufunika udongo wenye risasi ni kazi ya wiki. Kusafisha mafuta, miezi mpaka mwaka na zaidi. Kufanya msitu juu ya mwamba, hesabu kwa miongo. Mtu akikuahidi kwari yako itakuwa shamba la mahindi msimu ujao, muulize udongo anautoa wapi.

## Kwari, matimbo na mashimo

5. Bamburi walifanyaje mpaka timbo likawa msitu?

Hii ndiyo inaulizwa kuliko zote kwa hiyo tuieleze vizuri. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza kuzalisha 1954, na malighafi yake ni mawe ya matumbawe ya zamani, yaani mwamba wa bahari iliyorudi nyuma. Walichimba mpaka karibu kabisa na maji ya chini, yakabaki mashimo mapana, meupe, moto kama kikaango, hakuna udongo, na maji yenyewe yana chumvichumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, ambaye tayari alikuwa akifanya kazi pale kiwandani, akaanza kujaribu. Alipanda aina 26 za miti. Zikasimama tatu: mvinje (Casuarina), mnazi, na Conocarpus, mti wa upande wa Somalia uliozoea ukame na chumvi.

Mvinje ndo uliobeba kazi. Angalia sababu kwenye swali la 6, na jinsi udongo ulivyopatikana kwenye swali la 7. Baada ya mvinje kuweka kivuli wakaingiza miti mingine taratibu, halafu wanyama, mabwawa ya samaki aina ya ngege, ndege wakajileta wenyewe. Mwaka 1984 watu wakaanza kuingia kutembea, na mwaka 1987 Haller akapata tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Leo panaitwa Haller Park. Wengi wanapajua kwa yule kiboko mdogo Owen aliyeokolewa pwani ya Malindi siku za tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe mzee, Mzee. Hadithi tamu, sawa, ila kwangu mimi maajabu ya pale yako chini ya miguu.

Kitu ambacho hakisemwi sana: kiwanda kilikuwa kinaendelea kufanya kazi, kwa hiyo pesa ya mshahara, maji na trekta ilikuwepo mwaka hadi mwaka. Mtu mwenye kwari ya ekari mbili asijilinganishe na hilo akakata tamaa.

6. Kwa nini mvinje, kwani mkaratusi si unakua haraka pia?

Mvinje umezoea ufuoni, chumvi kwake si habari. Halafu mizizi yake inaishi na bakteria wanaoitwa Frankia ambao wanachukua naitrojeni hewani na kuupa mti, kwa hiyo unajitengenezea mbolea pale ambapo hakuna. Ujanja wa kitalu: miche ya mvinje ichanganyie udongo kidogo uliochotwa chini ya mvinje mkubwa, ndimo wale bakteria na kuvu wa mizizi wanamopatikana. Bila hivyo miche inasimama kimanjano manjano tu haiendi mbele.

Mkaratusi utaota, sibishi, ila hauleti naitrojeni, unakunywa maji sana, na chini yake mara nyingi haoti mwenzake. Kama unataka nguzo za kuuza, panda. Kama unataka udongo, hapana.

Halafu tahadhari ya mathenge, ule mti wa miiba (Prosopis). Mwaka 1973 mbegu zake zililetwa Kenya kutoka Brazil na Hawaii kwa ajili hiyo hiyo ya kufufua machimbo karibu na Mombasa. Ulivumilia chumvi, ulivumilia jua, kila mtu akafurahi. Baadaye ukapandwa Baringo kuzuia jangwa ukafunga malisho na njia za maji, wafugaji wa Ilchamus wakaishtaki serikali na mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda yake akaletwa mahakamani. Mti unaoshinda mwamba mtupu utashinda na shamba la jirani, kwa hiyo uliza tabia yake kabla hujaleta mbegu.

7. Hiyo ya jongoo ni kweli au ni stori ya watalii?

Ni kweli. Ukisimama chini ya mvinje utaona vile vijiti vyembamba vya kijani vinavyofanana na sindano vimeanguka vikatandika chini, vikavu, vinateleza. Vina tanini nyingi, bakteria hawavipendi, vinakaa tu miaka bila kuoza. Bamburi zilijaa tele na udongo haukuja. Halafu ikaonekana jongoo wakubwa wa pwani, wale wenye miguu myekundu, wanavitafuna. Wakakusanywa wakaletwa kwa mamia. Jongoo anakula sindano, anatoa mavi, na mavi ya jongoo bakteria wanayaweza. Hapo ndipo tabaka jeusi likaanza, la sentimita tu, si mita, lakini linatosha mbegu ya mti mwingine kushika.

Sasa usiende kununua jongoo. Wanakuja wenyewe kukiwa na kivuli na unyevu, na kama eneo liko mbali na msitu wowote, chota majani yaliyooza nusu kutoka chini ya miti mikubwa ukayamwage, wadudu wamo humo.

8. Mimi kwari yangu iko bara, mawe ya kujengea, si ya matumbawe. Nifanye nini?

Kama bado hujaanza kuchimba, una bahati. Udongo wa juu, ule mweusi wa sentimita kama 20 hadi 30, uondoe kwanza uuweke pembeni, rundo lisizidi kimo cha mita mbili, upande maharage au nyasi juu yake usioshwe na mvua. Rundo likiwa refu sana au likikaa miaka mingi, viumbe vya ndani vinakufa na unabaki na vumbi. Huo udongo ndio mtaji wa kurudisha, na ndio kitu cha kwanza ambacho wachimbaji wengi wanauza kwa lori.

Kama umeshachimba, anza na kingo. Ukuta wa kwari uliosimama wima unaua watu na ng'ombe, ukate kwa ngazi, chini uweke mteremko. Kisha elekeza maji ya mvua yasiingie yote kwa mara moja. Miti ndo ifuate, ya kienyeji inayozoea mawe mahali hapo hapo, angalia tu nini kinaota kwenye nyufa za mwamba wa karibu.

9. Shimo limejaa maji. Naweza kufuga samaki?

Shimo la mawe au mchanga, inawezekana, pima maji kwanza na uweke njia ya kutokea maana watoto wanazama humo kila mvua. Shimo la dhahabu au la makaa, usiguse mpaka upime metali. Mwamba wenye salfaidi (madini yenye salfa) ukikutana na hewa na maji unatoa asidi, na asidi inayeyusha metali. Kule magharibi ya Johannesburg maji ya namna hiyo yalianza kufurika juu kutoka migodi iliyoachwa mwaka 2002, zamani wenye migodi wameshaondoka. Maji ya asidi yanaweza kuwa maangavu mazuri kabisa, kwa hiyo yakiwa masafi kupita kiasi, bila konokono wala chura, wewe ogopa.

10. Si tujaze takataka tu shimo liishe?

Vifusi vya ujenzi vilivyochambuliwa, sawa. Taka za mtaa, hapana, kwari mara nyingi imeshakaribia maji ya chini na majimaji ya taka yatafika kwenye visima vya watu. Na kujenga juu yake ni shida nyingine, nenda swali la 18.

## Sumu

11. Nitajuaje kama udongo wangu una sumu?

Kwa macho hutajua. Anza na historia: uliza wazee pale palikuwa na nini, betri, ngozi, rangi, kuchenjua dhahabu, gereji, ghala la dawa za pamba. Halafu peleka sampuli maabara. Kenya kuna KALRO (taasisi ya utafiti wa kilimo) na Mkemia wa Serikali, Tanzania kuna Mkemia Mkuu wa Serikali, SUA (chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine), na TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kule Tanga, kwa mambo ya udongo. Sema wazi unataka metali nzito na uzitaje, risasi, zebaki, arseniki, kadimiamu. Usiposema utapimiwa rutuba, utaletewa karatasi ya NPK (virutubisho vya mimea) na asidi ya udongo, utafurahi bure.

Kuchukua sampuli: watoto wanapocheza, kwangua sentimita 0 hadi 5 za juu, maana ndizo zinaingia mdomoni. Bustani, chimba mpaka 20. Chukua vipande vingi sehemu mbalimbali uchanganye, halafu chukua sampuli za pekee mlangoni, chini ya mabati yanapodondosha maji, na karibu na ukuta wa kiwanda. Usitumie koleo lenye kutu au rangi.

Kwa kulinganisha, Marekani kwa miaka mingi kiwango cha kushtuka kwa udongo wa makazi kilikuwa miligramu 400 za risasi kwa kilo, na mwaka 2024 wakakishusha hadi 200. Kwenye damu, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

12. Nimesikia kuna mimea inavuta sumu. Alizeti, nyasi ya vetiva, kweli?

Inavuta, ila polepole sana kuliko unavyoambiwa. Kwa risasi, ambayo inashikamana na udongo, unaweza kupanda na kung'oa miaka mingi na karatasi ya maabara isibadilike sana, na kila ulichong'oa sasa ni taka ya sumu, hukipeleki kwa mbuzi wala jikoni.

Mimea inafaa zaidi kwa kazi nyingine: kushikilia. Mfano mzuri uko Lubumbashi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilifunguliwa 1911, na moshi wake ulianguka miaka na miaka upande upepo unakoenda, mtaa wa Penga Penga, mpaka pakawa uwanja mtupu wenye shaba nyingi. Watafiti wa chuo kikuu cha pale pamoja na Wabelgiji wakajaribu nyasi za Katanga kwenyewe, hasa Microchloa altera, zinazoota kwenye vilima vya shaba tangu hapo zamani, wakaweka chokaa na mboji kwanza. Nyasi haiondoi shaba. Inazuia vumbi lisipande na mvua isiibebe, na hilo kwa mtu anayeishi pale ni kubwa.

13. Nyumba yetu iko karibu na kiwanda kilichoyeyusha betri. Kesho asubuhi nifanye nini?

Kesho asubuhi peleka watoto wapimwe damu, wadogo kwanza na mama mjamzito. Hilo linatangulia udongo. Kisha punguza vumbi: piga deki kwa maji badala ya kufagia kavu, viatu vibaki nje, watoto wanawe mikono kabla ya kula, sehemu tupu ya uwanja ifunike kwa kokoto, zege au udongo safi wenye nyasi. Lishe yenye chuma na kalsiamu inasaidia mwili wa mtoto usinyonye risasi nyingi.

Mboga: majani na mizizi ndiyo hatari, sana kwa sababu ya vumbi na udongo unaogandia. Matunda ya juu yana afadhali. Hamisha mchicha kwenye magunia yenye udongo wa kuletwa.

Halafu suluhisho la kudumu ni kuondoa tabaka la juu na kulizika mahali palipojengwa kwa kazi hiyo, ama kulifunika vizuri. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, uchimbaji wa dhahabu ulileta risasi vijijini na watoto zaidi ya 400 wakafa. Walichofanya ni kukwangua udongo wa viwanja na vyumba, kuuzika, kuleta udongo safi, na ndipo madaktari wakatibu, kwa sababu kumpa mtoto dawa ya kutoa risasi halafu kumrudisha kwenye vumbi lile lile ni kazi bure.

14. Na mafuta, gereji ya jua kali ilikuwa hapa miaka kumi?

Hii ndo nafuu kati ya zote. Zuia chanzo, toa udongo uliolowa chepechepe, uliobaki utandaze tabaka jembamba juu ya turubai nene, changanya mboji au samadi, mwagilia kidogo, geuza kila baada ya wiki. Bakteria wanataka hewa, unyevu na naitrojeni, wakivipata watakula. Angalizo: oili chafu ina metali pia, na kama walikuwa wanavunja betri hapo, rudi swali la 13.

15. Sisi ni wachenjuaji wadogo, marudio (mabaki ya udongo uliokwisha kuchenjuliwa kwa zebaki) yamejaa kijijini. Tuyapeleke kwenye sainaidi tumalize?

Msipeleke marudio yenye zebaki kwenye sainaidi. Najua ndivyo inavyofanyika, dhahabu iliyobaki ni pesa, lakini sainaidi inayeyusha zebaki na kuifanya isafiri na maji kwa urahisi zaidi. Ikifika kwenye tope la bwawa au mto, bakteria wanaigeuza kuwa ile aina inayojikusanya kwenye samaki. Sainaidi peke yake itavunjwa na jua, zebaki haivunjwi na kitu.

Marudio yaondolewe mabondeni na karibu na visima, yawekwe juu ya udongo wa mfinyanzi uliosindiliwa, yafunikwe, maji ya mvua yazungushwe. Na sehemu mlipokuwa mnachoma dhahabu kutoa zebaki, hasa kama ni ndani ya nyumba, pachukuliwe kama uwanja wa betri.

## Nani analipa

16. Sheria inasema nani arudishe?

Aliyeharibu. Kenya mamlaka ya mazingira, NEMA, inaweza kumpa amri ya kurejesha mazingira, Tanzania ni baraza la mazingira, NEMC, na kwa migodi sheria za nchi zote mbili zinadai dhamana ya fedha iwekwe mapema ili kampuni ikitoroka kazi ifanyike. Shida ni wachimbaji wadogo na viwanda vilivyofungwa usiku, hapo dhamana haipo na mwenye kiwanja anabaki na mzigo.

Mahakamani ni safari ndefu. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, akapigana, akapata tuzo ya mazingira ya Goldman 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo usafishwe, 2023 rufaa ikaifuta, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia. Hesabu mwenyewe mtoto aliyezaliwa 2007 alikuwa na umri gani.

17. Mgodi mkubwa ukifungwa, lazima urudi kuwa pori?

Si lazima. Golden Pride, mgodi wa dhahabu kule Nzega, Tanzania, eneo lilienda kwa chuo cha madini. Buzwagi, Kahama, baada ya uchimbaji kuisha 2021 mpango umekuwa eneo maalum la viwanda, maana barabara, umeme na uwanja wa ndege tayari vipo. Ni akili nzuri, ila mabwawa ya tope sumu na milima ya mawe bado vinahitaji mlinzi na mpimaji wa maji kwa miaka mingi, hata kama getini kuna bango jipya.

## Kesi za pembeni

18. Nauziwa kiwanja bei poa, zamani lilikuwa shimo likafukiwa. Nijenge?

Uliza lilifukiwa na nini, na usiamini dalali, uliza majirani. Taka zinatoa gesi inayoweza kuwaka na zinashuka miaka mingi, nyumba inapasuka. Chimba mashimo ya majaribio mawili matatu mpaka ufike udongo wa asili. Ukikuta nailoni na nguo, ondoka, au jadili bei ya kufanya parking.

19. Nilinunua tayari, nikapima, kuna risasi. Nikimwambia mtu, kiwanja kitakosa bei.

Kitapungua, kweli. Lakini hapo ulipo una karatasi yenye tarehe inayosaidia kuonyesha sumu uliikuta, na hiyo ndiyo kinga yako siku mpangaji atakapokuja na majibu ya damu ya mtoto wake. Ukificha, tarehe inageuka dhidi yako.

20. Ng'ombe wanakula kwenye eneo la sumu lililofunikwa kwa udongo safi. Ni sawa?

Kama kifuniko ni udongo mnene na nyasi hazijakatika, kwa muda mfupi ni sawa. Ng'ombe anameza udongo mwingi pamoja na nyasi, hasa kiangazi nyasi zikiwa fupi, na kwato zake zinavunja kifuniko, mvua ya kwanza inamalizia. Kata nyasi uwapelekee nje kama ulishapima nyasi zenyewe. Na mbuzi wasiingie kabisa, watang'oa mpaka mizizi.